Alijua ni Kosa: Uchambuzi wa Kisa cha Mtunza Stoo ya Dawa

Mtunza stoo mwenye umri wa miaka 26 amepatikana na hatia ya makosa mawili. La kwanza ni wizi: kwa miezi 14 alikuwa akitoa dawa kwenye stoo ya hospitali iliyomwajiri na kumuuzia dalali mmoja. La pili ni shambulio: siku tatu baada ya wizi kugundulika, alimsukuma karani wa hesabu aliyetoa taarifa, mama wa makamo, akaanguka kwenye ngazi na kuvunjika mkono. Kabla ya hapo kijana huyu hakuwahi kushitakiwa kwa lolote. Sasa anatumikia kifungo, na jopo linalopitia faili lake lina maswali mawili: nini kilimfikisha pale, na afanyiwe nini asije akarudia.

Kisa hiki nimekitunga kwa ajili ya kujifunzia. Hakuna mtunza stoo wala karani ninayemlenga. Tafiti ninazozitaja, hata hivyo, ni za kweli, na ndizo zitakazotuongoza.

Nianze na kinachowachanganya wengi wakilisoma faili lake. Alipofanyiwa tathmini, alisomewa kile kisa mashuhuri cha Heinz: mke wa mtu anakufa kwa saratani, mfamasia anayo dawa inayoweza kumwokoa lakini anaiuza mara kumi ya gharama yake, mume amehangaika akapata nusu tu ya fedha. Je, aibe? Jibu la mtunza stoo limeandikwa neno kwa neno:

"Mimi naona angejaribu kwanza njia zote. Amwombe alipe kidogo kidogo, akikataa aende kwa wakubwa wake. Kwa sababu kila mwenye shida akijichukulia tu, mgonjwa wa kesho atakuta rafu tupu. Lakini na yule mfamasia naye ana makosa. Dawa si sawa na viatu, dada. Mtu anaitegemea kuishi."

Isome tena ile sehemu ya mgonjwa wa kesho. Aliyeisema ndiye aliyekuwa akiitoa insulini kwenye friji ya hospitali na kuandika kwenye leja kwamba chupa zimevunjika.

Kisa cha Heinz kilipata umaarufu kupitia mwanasaikolojia Lawrence Kohlberg, aliyewasilisha tasnifu yake katika Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1958 baada ya kuwahoji wavulana 72. Kilichomvutia Kohlberg hakikuwa kama mtu anajibu "aibe" au "asiibe", bali sababu anazozitoa. Alizipanga sababu hizo katika hatua sita. Katika hatua ya kwanza jambo ni baya kwa kuwa utaadhibiwa. Ya pili inatazama faida: nikupe, unipe. Ya tatu inajali uhusiano na watu, uaminifu na kuonekana mwema mbele ya wenzako. Ya nne inaiangalia jamii nzima pamoja na taratibu zinazoishikilia. Mbili za mwisho zinahusu haki na misingi iliyo juu ya sheria zilizoandikwa, na watu wazima wengi hawafiki huko. John Gibbs, aliyeiendeleza kazi hiyo, aliona inatosha kutenganisha hatua mbili za chini, ambazo ni fikra changa, na mbili zinazofuata, ambazo ni fikra zilizokomaa.

Kwa kipimo hicho, jibu la kijana wetu liko kati ya hatua ya tatu na ya nne. Amekomaa. Anamwona mgonjwa, anamwona mfamasia, anauona mfumo mzima. Ndipo mjumbe mmoja wa jopo anapouliza, na ana haki ya kuuliza: kama anajua yote haya, nadharia ya kwamba wahalifu hawajakomaa kimaadili ina maana gani?

Maana ipo. Mwaka 2006 Geert Jan Stams na wenzake walikusanya tafiti 50 zilizowalinganisha vijana wahalifu na wasio wahalifu, wakakuta kwamba wahalifu kwa ujumla walikuwa nyuma katika hoja za kimaadili, na tofauti hiyo ilibaki hata baada ya kuzingatia umri, jinsia, akili na hali ya maisha. Si tofauti ndogo. Lakini wastani wa kundi haumtabiri mtu mmoja mmoja. Wako wahalifu wanaojibu kama walimu wa falsafa, na wako watu wanyoofu wasioweza kueleza kwa nini wanarudisha pochi waliyoiokota.

Tena lipo jambo la pili, nalo ndilo linalomgusa mtunza stoo moja kwa moja: hatua anayoifikia mtu akiamua kisa cha mwingine si lazima iwe ndiyo anayosimamia akiwa ndani ya kisa chake mwenyewe. Kohlberg na wenzake walipofanya kazi magerezani waliona wafungwa wakitoa hoja za chini zaidi walipoulizwa juu ya matatizo ya gerezani kuliko walipoulizwa juu ya kina Heinz. Mwaka 1990 Kathy Denton na Dennis Krebs waliwapima watu chuoni, kisha wakawapima wakiwa kwenye sherehe na baa wanakunywa. Hoja zao zilishuka, na zilishuka zaidi zilipohusu kuendesha gari mtu akiwa amelewa. Walipokuwa na akili zao timamu walijua vizuri. Lakini wengi waliendesha.

Sasa msikilize kijana huyo huyo, siku hiyo hiyo, dakika chache baadaye, alipoulizwa kuhusu dawa alizozichukua yeye:

"Ile hospitali ni kubwa. Zile nyingi zilikuwa zinakaribia kuisha muda, zingechomwa tu. Na mshahara wenyewe, dada, unajua hali. Mama yangu alikuwa mgonjwa. Kila mtu pale anachukua kitu, mimi ndiye niliyekamatwa."

Ameshuka mpaka hatua ya pili, na mgonjwa wa kesho ametoweka kabisa. Hakusahau kwamba yupo. Sentensi tano zimejipanga mlangoni ili mgonjwa huyo asiingie.

Sentensi za aina hii zimechunguzwa kwa muda mrefu. Mwaka 1957 Gresham Sykes na David Matza waliandika kwamba vijana wahalifu wengi hawaipingi maadili ya jamii yao. Wanayakubali, kisha wanajitafutia namna ya kuyasimamisha kwa muda. Walitaja namna tano: kukana kwamba mimi ndiye niliyehusika, kukana kwamba kuna madhara, kukana kwamba kuna mtu aliyeonewa, kuwashutumu wanaonishutumu, na kudai nilifanya kwa ajili ya watu wangu. Albert Bandura alikuja baadaye na orodha ya njia nane za kuizima dhamiri. Gibbs na wenzake walizipanga fikra potofu katika makundi manne: ubinafsi, ambao ndio mzizi, kisha matatu yanayoulinda mzizi huo, yaani kuwatupia wengine lawama, kupunguza uzito wa kosa au kulibandika jina laini, na kudhania mabaya. Samuel Yochelson na Stanton Samenow, waliofanya kazi katika hospitali ya St. Elizabeths huko Washington, waliorodhesha makosa ya kufikiri 52. Orodha yao inatumika mpaka leo, ingawa hawakuwa na kundi la watu wa kawaida la kulinganisha nalo, na kwa maoni yangu orodha ndefu kiasi hicho inamfanya mshauri awe mtu wa kuweka alama za vema badala ya kumsikiliza aliyekaa mbele yake.

Mtu anaweza kuchukua sentensi tano za kijana wetu na kuzibandikia majina hayo yote. "Hospitali ni kubwa" ni kupunguza uzito. "Zingechomwa tu" ni kukana madhara. "Mama yangu alikuwa mgonjwa" ni kudai kwamba alitenda kwa ajili ya mtu wake. "Kila mtu anachukua" ni kuisambaza lawama. Kazi imekwisha, faili limejaa. Na hapo ndipo faili nyingi zinapoishia, jambo linalonisikitisha, kwa sababu hatujajibu swali lenyewe. Je, sentensi hizi ndizo zilizoleta wizi, au ni wizi ulioleta sentensi?

Njia ya kulijibu ni kuchukua kila sentensi na kuitafutia tarehe.

Polisi walipopekua chumba chake walikuta daftari dogo la mfukoni. Ukurasa wa kwanza una safu tatu zilizopigwa mstari kwa rula: tarehe, idadi ya maboksi, na safu ya mwisho yenye kichwa "DENI". Kila boksi alilolitoa ameliandikia thamani yake kwenye safu hiyo, na chini amejumlisha. Ukurasa wa pili uko vivyo hivyo. Wa tatu una safu ya deni, lakini haijajazwa. Kuanzia ukurasa wa nne, kwenye mwezi wa nne, safu hiyo haipo tena. Mistari ya rula imekwisha. Zimebaki tarehe, idadi, na herufi za kwanza za jina la dalali.

Daftari hilo linatuonyesha jambo ambalo hakulisema polisi wala kwenye tathmini. Sentensi ya kwanza kabisa, ile iliyokuwepo kabla ya boksi la kwanza kutoka, ilikuwa "nitarudisha". Alikuwa anaazima. Alikuwa na madeni ya kubashiri mechi kwa watu watatu, na hakuna hata mmoja nyumbani au kazini aliyejua. Donald Cressey, aliyewahoji wafungwa waliokula fedha walizokabidhiwa na kutoa matokeo yake mwaka 1953, alieleza hali hii kwa usahihi unaoshangaza. Alisema mambo matatu hukutana: shida ya fedha ambayo mtu anaona hawezi kumwambia yeyote, ujuzi kwamba dhamana aliyopewa inaweza kuitatua kwa siri, na maneno ya kujiambia yanayomwezesha kuchukua huku akiendelea kujiona mwaminifu. Cressey alisisitiza kwamba maneno hayo huja kabla ya tendo. Mficha maradhi kifo humuumbua, na kwa mtunza stoo maradhi yalikuwa aibu ya kamari.

Ugonjwa wa mama je? Mama aliugua kweli, na hati za matibabu zipo. Ila aliugua mwezi wa sita tangu wizi uanze. Hauwezi kuwa ndio ulioleta boksi la kwanza. Kwa miezi mitano kijana alichukua bila mama kuugua, kisha ugonjwa ukampa sababu nzuri kuliko ile ya deni ambayo alikuwa ameshaacha hata kuiandika. Tusiharakishe kuitupa sentensi hii, hata hivyo. Haikuuanzisha wizi, lakini angalia kilichofuata: mwezi wa nane, kwa mara ya kwanza, leja inaonyesha insulini "iliyovunjika". Mpaka wakati huo alikuwa akitoa dawa zinazokaribia kuisha muda, na kwa hizo alikuwa na hoja yake, mbovu lakini ya kushikika. Insulini ilikuwa bado na muda mrefu. "Zingechomwa tu" isingeweza kuihalalisha. "Mama ni mgonjwa" iliweza. Kisingizio kilichozaliwa baada ya boksi moja kiliruhusu boksi lililofuata, na kilikuwa na nguvu zaidi kuliko kile cha kwanza.

Kwa hiyo wanaosema fikra potofu ni sababu ya uhalifu na wanaosema ni maneno ya kujitetea baada ya tendo wote wawili wanaona kitu cha kweli. Katika kosa linalorudiwa kwa miezi, utetezi wa jana unafungua mlango wa leo. Ndiyo maana tarehe zina umuhimu kuliko majina ya makundi.

Jambo moja zaidi kuhusu stoo yenyewe. Ilikuwa chumba cha ndani, upande wa nyuma. Dirisha la kutolea dawa lilikuwa ukumbi mwingine, na waliokaa pale ndio waliowaambia wagonjwa kwamba insulini imekwisha. Mtunza stoo hakuwahi kuwaona. Bandura alieleza kwamba ni rahisi zaidi kuyapotosha madhara yakiwa mbali na macho, na sioni mfano ulio wazi kuliko huu. Mtu huyu angeweza kuendelea miaka mingi bila kumtazama hata mmoja wa watu aliowaumiza, na siamini kwamba lingekuwa suala la roho mbaya. Hospitali nayo ilikosea kumwachia mtu mmoja funguo, leja, na mamlaka ya kuandika kilichoharibika bila mwingine wa kuthibitisha.

Tuje kwenye ngazi.

Karani wa hesabu aliona chupa zinavunjika kuliko kawaida, akaomba stoo ihesabiwe, akatoa taarifa. Kijana akasimamishwa kazi. Siku ya tatu alirudi kuchukua vitu vyake, wakakutana kwenye ngazi, yeye akipanda na karani akishuka. Maelezo ya wawili hao yamewekwa pamoja kwenye faili.

Yeye: "Tulikuwa tunasalimiana kila siku, namwamkia shikamoo mama. Siku ile alinipita kama hanioni. Nikajua ananicheka moyoni. Damu ikanipanda."

Karani: "Sikumsalimia kwa sababu niliogopa. Nilitaka nipite haraka nifike chini."

Hapa hakuna daftari, hakuna miezi 14, hakuna sentensi zilizonolewa polepole. Ni sekunde chache. Mwaka 1980 Kenneth Dodge alichapisha jaribio ambalo mpaka leo ndilo msingi wa eneo hili: wavulana walikuwa wakipanga fumbo la vipande, kisha kazi yao ikavurugwa na mwenzao wasiyemwona. Ilipoonekana wazi kwamba ni makusudi, au kwamba ni bahati mbaya, wakali na wapole waliitikia kwa namna zinazokaribiana. Ilipokuwa haijulikani, wale wakali waliitikia kana kwamba ni makusudi. Baadaye Nicki Crick na Dodge walieleza mnyororo mzima: mtu huona dalili, huzitafsiri, huchagua anachokitaka, hutafuta la kufanya, hupima, hutenda. Kwenye ngazi ile dalili ilikuwa moja, uso uliogeuka pembeni, na tafsiri ilikuwa moja, dharau. Hofu haikumjia akilini kama jambo linalowezekana. Mtu aliyeweza kuona pande tatu za kisa cha Heinz hakuweza kuona kwamba mwanamke wa makamo aliye peke yake kwenye ngazi anaweza kumwogopa.

Hivyo tuna mtu mmoja na njia mbili. Wizi ulipita kwenye kupunguza uzito na kujipa ruhusa, kwa utulivu, kukiwa na rula na kalamu. Kipigo kilipita kwenye kudhania mabaya, kukiwa na aibu mbichi na mwili uliochemka. Ukimtibu hasira pekee, mkono wake utatulia na funguo zitamponza tena. Ukishughulikia visingizio pekee, utapata mtu anayekiri vizuri lakini anayeweza kumsukuma tena yeyote atakayemfanya ajione mdogo. Faili la jopo lilikuwa na pendekezo moja tu, mafunzo ya kudhibiti hasira, kwa sababu kosa lililowatisha ni lile la mkono kuvunjika. Nawaelewa, ila nadhani wametazama nusu.

Alipoingizwa kwenye kundi la warekebishwaji, lililoendeshwa kwa mtindo wa Gibbs na wenzake ambapo wafungwa wenyewe wanakosoana fikra chini ya uangalizi wa mshauri, aliyajua majina yote kwa wiki chache. "Hapo nimepunguza uzito," anasema, anatabasamu, anaendelea. Mshauri aliandika pembeni: *anajua somo.* Halikuwa jambo la kusifia. Mtu mwenye akili hujifunza lugha ya warekebishaji haraka kuliko anavyobadilika, na dodoso anazojaza hupata alama nzuri kwa sababu hiyo.

Kilichomgusa kilitoka kwa mfungwa mwenzake, kijana aliyefungwa kwa kupora simu. Walikuwa wanazungumzia insulini.

"Nani alikuwa anaitumia?"

"Wagonjwa."

"Wagonjwa gani?"

"Wa kisukari."

"Wangapi walirudishwa?"

"Sijui, kaka."

"Mimi niliyempora yule dada nilimwona uso. Mpaka leo namjua akipita. Wewe hujui hata ni wangapi, halafu unaniambia hukuumiza mtu?"

Mshauri anasema palikuwa kimya, na mtunza stoo hakujibu siku hiyo. Kikao kilichofuata alikuja na ombi: anaweza kupata kumbukumbu za dirisha la dawa za miezi ile? Si kwamba ombi moja ni toba. Ninalitaja kwa sababu ni mara ya kwanza katika faili lote anapotafuta habari ambayo haimsaidii.

Hapa lazima niwe mwangalifu, maana wako washauri wanaochukulia tukio kama hili kuwa ushindi na kuanza kumvua mtu visingizio vyote mpaka abaki kusema "ni mimi tu, mimi mwizi". Shadd Maruna na Ruth Mann waliandika mwaka 2006 kwamba kujitetea unapoulizwa jambo la aibu ni tabia ya kila binadamu, na kwamba hakuna ushahidi wa kutosha kuichukulia yenyewe kama ugonjwa wa wahalifu. Maruna alikuwa ameshawahoji huko Liverpool watu walioacha uhalifu na wasioacha. Walioendelea na uhalifu ndio walioamini kwamba wamelaaniwa, kwamba hawana namna nyingine. Walioacha mara nyingi walikuwa na hadithi ambayo ndani yake nafsi yao ya kweli ni njema na mambo yaliwafikisha pabaya. Ukiisikiliza vibaya hadithi hiyo utaiita kisingizio.

Nitofautishe basi kwa kipimo ninachokiamini: je, sentensi hii inaweza kutumika tena kesho, mahali pengine, kwa mtu mwingine? "Hospitali ni kubwa" inatumika kwa mwajiri yeyote atakayempata maishani. "Ananicheka moyoni" inatumika kwa kila uso usiotabasamu. Hizo zishughulikiwe bila huruma. "Niliona aibu kusema nina madeni ya kamari" haimruhusu kuchukua chochote. Inamwonyesha mahali pa kutazama. Hiyo aachiwe, tena asaidiwe kuisema kwa sauti. Mshauri angempa muda zaidi hapo kuliko kwenye ugonjwa wa mama.

Kuhusu kinachofaa kufanywa, tuna zaidi ya maoni. Nana Landenberger na Mark Lipsey walijumlisha mwaka 2005 tafiti 58 za programu zinazolenga namna wahalifu wanavyofikiri, wakakuta kurudia kosa kunapungua kwa takriban robo: kama bila programu wangerudia 40 katika kila 100, wakipitia programu wanarudia 30. Si muujiza, lakini ni watu kumi, na nyuma yao wapo watu ambao hawataibiwa wala kupigwa. Programu zilizofundisha kudhibiti hasira na kutatua matatizo baina ya watu zilikuwa na matokeo mazuri zaidi. Zilizoweka mkazo kwenye kumwonyesha mhalifu madhara aliyompa mwathirika zilikuwa na matokeo hafifu zaidi. Hili linaniuma kulisema, kwa sababu kile kikao cha insulini kilinigusa na mimi. Lakini kuguswa ni jambo moja, na kujua la kufanya siku mdai atakapogonga mlango ni jingine.

Yapo matukio mawili gerezani ambayo jopo liliyapitia harakaharaka, na mimi nayaona ndiyo yenye uzito kuliko dodoso zote.

La kwanza: alirudi bwenini akakuta godoro lake limehamishwa, na aliyelihamisha hayupo. Hali ile ile ya ngazi, dalili isiyo na maelezo na watu wanaotazama. Safari hii aliuliza. Akaambiwa dari inavuja pale alipokuwa amelala. Askari wa zamu aliandika mstari mmoja tu, kwamba kulikuwa na kelele kidogo zikaisha. Kelele zilikuwepo, na bado aliuliza kwanza.

La pili: iligundulika anadaiwa sabuni na wafungwa wawili. Deni dogo, la kucheza kamari ya karata. Hakumwambia mshauri, ingawa walikuwa na kikao kila wiki, na ingawa kuzungumza juu ya madeni ya siri ndiyo kazi hasa waliyokuwa wakiifanya. Alipoulizwa alisema alitaka kulilipa kwanza ndipo aseme.

Ni "nitarudisha" ile ile, na safu yake yenye kichwa cha deni.

Jopo liliona tukio la pili ni dogo. Naona kinyume. Njia ya mkono imeanza kubadilika na tuna ushahidi wa kuonekana. Njia ya funguo iko vilevile, na haijapata nafasi ya kujaribiwa kwa sababu gerezani hakuna anayempa funguo. Kwa hiyo mapendekezo yangu yanaegemea upande ambao hautishi. Aendelee na kundi, lakini mazoezi yahamie kwenye deni: kumwambia mtu mmoja ndani ya siku moja, kuigiza mazungumzo na mdai, kuomba muda, kukubali kuonekana ameshindwa. Apate msaada wa kamari kama tatizo linalojitegemea. Akitoka, afisa wa uangalizi apewe ruhusa ya kuuliza kuhusu madeni kwa majina na tarehe, si kwa swali la jumla la "unaendeleaje". Asiwekwe kazi ambayo mtu mmoja anashika mali na kumbukumbu zake kwa pamoja, angalau kwa miaka ya mwanzo. Awekwe penye sahihi mbili. Kazi apewe, kwa sababu kumnyima kazi kunamrudisha kwenye lile deni asiloweza kulisema.

Kuhusu karani, kijana ameandika barua ya kuomba radhi, na mshauri ameiambatisha kwenye faili akipendekeza itumwe. Nimeisoma, ni nzuri, na hakuna humo "lakini". Ila mama yule bado anafanya kazi katika jengo lile na bado anapita kwenye ngazi zile, na hakuna mahali popote kwenye faili panapoonyesha kwamba ameulizwa kama anataka kusikia chochote kutoka kwa mtu huyu. Aulizwe kwanza, na mtu asiye mshauri wa kijana. Akisema hapana, barua ibaki kwenye faili.